Wanaouza na kununua hisa kila mara huambulia kidogo: dhana za wawekezaji na yaliyoonekana kwenye utafiti

Dhana: Mwekezaji hodari hatulii; hununua na kuuza kila soko linapotikisika.

Kati ya dhana zote za soko la hisa, naiona hii kuwa ndiyo inayowaumiza watu wengi zaidi, na bahati nzuri imechunguzwa kwa kina. Brad Barber na Terrance Odean walipitia kumbukumbu za kaya 66,465 zilizokuwa na akaunti kwa dalali mmoja wa Marekani kuanzia 1991 hadi 1996. Miaka hiyo soko lenyewe lilitoa wastani wa asilimia 17.9 kwa mwaka. Kaya ya kawaida ilipata 16.4. Zile zilizonunua na kuuza mara nyingi kuliko zote ziliambulia 11.4.

Si kwamba kaya hizo zilichagua hisa mbovu. Kabla ya kutoa gharama, mapato yao hayakutofautiana sana na ya wengine. Pesa zilipotelea kwenye kamisheni ya dalali na kwenye pengo kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia, kidogo kidogo, kila muamala.

Watafiti haohao waliandika tena mwaka 2001, safari hii wakilinganisha wanaume na wanawake. Wanaume walifanya miamala kwa asilimia 45 zaidi, na miamala hiyo ikawapunguzia pointi 2.65 za asilimia kwa mwaka, dhidi ya 1.72 kwa wanawake. Maelezo yao ni kujiamini kupita kiasi: mtu hudhani anajua jambo ambalo soko bado halijalijua.

Wapo wanaojibu kwamba uzoefu utawafundisha. Nchini Brazili, watafiti waliwafuatilia watu walioanza kununua na kuuza ndani ya siku moja mikataba inayofuata bei za soko la hisa kati ya 2013 na 2015. Miongoni mwa waliovumilia zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipata hasara. Takwimu hiyo ingestahili kuwekwa mbele ya kila kijana anayeshawishiwa kuacha kazi ili akae mbele ya skrini.

Dhana: Hisa iliyoshuka isubiri irudi bei uliyonunulia, iliyopanda iuze upesi.

Hersh Shefrin na Meir Statman waliieleza tabia hii mwaka 1985, nao waliegemea kazi ya Daniel Kahneman na Amos Tversky ya 1979 iliyoonyesha kuwa uchungu wa kupoteza hushinda furaha ya kupata kiasi kilekile. Kuuza kwa hasara ni kukiri, na kukiri kunauma. Odean alipochunguza akaunti 10,000 aliona kwamba hisa za faida zilizouzwa ziliendelea kupanda: mwaka uliofuata zilizipita zile za hasara zilizobaki mikononi kwa wastani wa pointi 3.4 za asilimia. Bei uliyonunulia haikwambii lolote kuhusu mapato ya kampuni ya kesho.

Dhana: Uchumi ukikua kasi, hisa za nchi hiyo zitalipa zaidi.

Jay Ritter alilinganisha nchi 16 tangu 1900 hadi 2002 na kukuta uhusiano wa kinyume kati ya ukuaji wa pato kwa kila mtu na faida halisi ya hisa. Ukuaji unaweza kuwanufaisha wafanyakazi, walaji na kampuni mpya, wenye hisa za zamani wakabaki walipo. Tena matumaini ya ukuaji huwa yameshaingizwa kwenye bei.

Dhana: Mfuko wa uwekezaji uliong'ara mwaka jana utang'ara tena.

Mark Carhart, mwaka 1997, aliona kwamba mwendelezo huo karibu wote unaelezwa na ada za mifuko na mwenendo wa hisa zilizokuwa tayari zinapanda, si ustadi wa mameneja. Kilichodumu kwa nguvu zaidi ni udhaifu wa mifuko ya mkiani.

Dhana: Ukishika hisa yoyote kwa muda mrefu, utafaidika.

Soko zima na hisa moja ni mambo mawili tofauti. Hendrik Bessembinder alipitia hisa za Marekani tangu 1926 hadi 2016 na kukuta kwamba nyingi, katika uhai wao wote, zilishindwa na dhamana za serikali za mwezi mmoja. Utajiri wote ambao soko lilizalisha kupita dhamana hizo ulitokana na takriban asilimia 4 ya kampuni. Anayeshika kampuni tatu au nne tu ana uwezekano mkubwa wa kuzikosa hizo. Anayeshika soko zima kupitia mfuko wa ada ndogo anazo tayari, hata kama hazijui kwa majina.