Je, wajua kwa nini vali ya nguruwe hukubalika moyoni mwa binadamu?

Ukipita karibu na kiwanda cha ngozi mjini Nakuru, pua itakuambia kabla ya macho. Ngozi mbichi huoza kwa siku chache. Ikishatiwa dawa, huwa kiatu cha miaka. Basi vali ya nguruwe (mlango mdogo wa moyo unaoruhusu damu kwenda upande mmoja tu) anayoshonewa mtu moyoni ni jamaa wa karibu wa kiatu hicho.

Vali za wanyama ziliwekwa watu huko Paris mwaka 1965, lakini zile za mwanzo ziliharibika upesi. Daktari Alain Carpentier akageukia glutaraldehaidi, kemikali ambayo watengeneza ngozi nao huitumia. Hufunga nyuzi za kolajeni (protini inayoipa ngozi na vali uimara), huua seli, na huficha alama nyingi ambazo kinga ya mwili hutambulia mgeni. Ndiyo maana mgonjwa hahitaji dawa za kutuliza kinga kama aliyepandikizwa figo. (Asiyetaka nguruwe, ipo ya utando wa moyo wa ng'ombe.)

Ila alama hazifichiki zote. Seli za nguruwe na ng'ombe zina sukari iitwayo alfa-gali. Sisi hatuna, na hata nyani wanaonyang'anya wageni ndizi kule mbuga ya Ziwa Nakuru hawana. Ukoo wetu na wao uliipoteza mamilioni ya miaka iliyopita. Bakteria wa tumboni wana sukari kama hiyo, kwa hiyo mwili hujifunza kuipinga tangu utotoni. Watafiti wamepima damu ya waliowekewa vali wakakuta kingamwili (protini za damu za kupambana na wageni) za kuipinga alfa-gali zimepanda. Vita hivyo vya chini kwa chini vinashukiwa kuchangia vali kuota chokaa, kukakamaa na kupasuka.

Kwa mzee, vali huweza kufika miaka 10 hadi 15. Kwa kijana huchakaa mapema zaidi, na hapo ndipo uchungu wetu. Huku Kisumu na Busia, wengi wenye vali mbovu ni vijana: waliumwa koo utotoni, likapuuzwa, homa ya baridi yabisi ikala moyo. Vali bandia ya kaboni hudumu, lakini inadai warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku, na dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Sasa wako nguruwe waliozalishwa bila alfa-gali. Januari 2022, Baltimore, Marekani, mgonjwa aliwekewa moyo mzima wa nguruwe aliyebadilishwa jeni, akaishi miezi miwili. Moyo ndio uliovuma. Mimi macho yangu yako kwenye vali za nguruwe hao: kijana wa Ahero atazihitaji kabla ya kuhitaji moyo.