Posti-panki haikuwa muziki wa kununa tu

Wengi wakisikia posti-panki, muziki ulioibuka Uingereza panki (roki ya kasi na fujo) ilipoanza kupoa mwishoni mwa miaka ya 1970, huwaza vijana wa makoti meusi wanaoimba huzuni. Mimi ni mpiga besi, na dhana hiyo hainiingii kabisa. Sikilizeni besi zenyewe. Jah Wobble wa kundi la Public Image Ltd alichota kwenye rege ya Jamaika: noti chache, nzito, na nafasi pana katikati. Gang of Four wa Leeds walichukua fanki, muziki wa dansi wa Wamarekani weusi, gitaa likakatakata badala ya kutiririka. The Slits nao walimkabidhi Dennis Bovell, mzaliwa wa Barbados na gwiji wa rege, albamu yao ya 1979 aitayarishe.

Hata Joy Division (huzuni ipo, sibishi) wana besi inayoimba. Gitaa la Bernard Sumner lilikuwa na kelele mno mazoezini, Peter Hook akalazimika kupiga noti za juu ili asikie besi yake. Mwimbaji wao Ian Curtis alipofariki Mei 1980, wenzake wakaunda New Order, na mwaka 1983 wakatoa "Blue Monday", wimbo wa disko mtupu.