Pikapu haichaji? Usikimbilie kununua betri

Nina Hilux ya zamani ya dizeli, injini ya aina ya 2L, nabebea mboga kutoka Kongowea, Mombasa, kupeleka Ukunda. Siku moja nimeingia ferini Likoni nikazima injini, tumefika ng'ambo nageuza ufunguo nasikia tak tak tak tu, huku nyuma watu wanapiga honi, ikabidi vijana wanisukume na mzigo wote ule. Pale pale kila mtu akanipa jibu lake, nami nikayafuata, nikanunua betri mpya, baadaye nikanunua na altaneta ya mtumba, yaani ile mashine inayozungushwa na mkanda wa injini kuchaji betri, na shida ikabaki vilevile. Naandika haya usipoteze pesa kama nilivyopoteza mimi.

"Haistati, basi betri imekufa." Hapana, inaweza kuwa nzima kabisa ila hailetewi chaji. Tafuta ile mita ndogo ya kupimia volti, bei yake haifiki hata robo ya betri. Asubuhi kabla hujawasha, betri iliyojaa inasoma kama 12.6, ikisoma 12.0 ujue imekaribia kuisha moto. Sasa washa injini upime tena kwenye vichwa vya betri, inatakiwa iwe kati ya 13.8 na 14.4, halafu washa taa zote na feni uone kama inabaki juu ya 13 na nusu hivi. Ikikaa 12 na kitu inazidi kushuka, chaji haifiki. Ikipita 15, regyuleta, yaani kile kinachozuia volti zisipande mno, imeharibika na betri inachemshwa, utaona maji yake yanaisha upesi na inanuka.

"Taa ya betri haiwaki kwa dashibodi, chaji iko sawa." Hii imedanganya wengi. Ile taa inatakiwa iwake ukifungua ufunguo kabla ya kustati, kisha izime injini ikinguruma. Kama haiwaki kabisa hata ukifungua ufunguo huenda globu imeungua, na kwa altaneta nyingi za zamani umeme wa kuiamsha unapitia kwa hiyo globu, kwa hivyo globu ikiungua altaneta inaweza kulala tu. Na hata ikizima vizuri, haikwambii chaji inafika kwa betri ama inapotelea njiani.

"Toa kichwa kimoja cha betri injini ikiwaka, isipozima altaneta ni nzima." Tafadhali sana usikubali mtu akufanyie hivi! Hiyo ni tabia ya enzi za dinamo, ile iliyokuwa ikichaji magari kabla ya altaneta. Kwa altaneta, betri ndiyo inayotuliza umeme, ukiitoa ghafla volti zinaruka juu mno kwa dakika ile ile na unaweza kuunguza dayodi za ndani ya altaneta, regyuleta na redio, yaani ulikuja na tatizo moja unaondoka na matatu. Mita inakupa jibu bila hatari yoyote.

"Basi ni altaneta, badilisha." Hapa ndipo nilipoliwa mimi. Sisi tunaishi na chumvi, hewa ya bahari inaingia kila mahali, na kwa gari la miaka mingi kitu cha kwanza kuoza ni waya, hasa waya wa athi, ule mnene unaotoka hasi ya betri kwenda kwa injini na bodi. Fundi mmoja mzee wa umeme alinionyesha: injini inawaka, taa zimewashwa, akaweka ncha moja ya mita kwenye mwili wa altaneta na nyingine kwenye hasi ya betri. Inatakiwa isome chini ya 0.2. Yangu ilisoma 1.3! Yaani altaneta inatoa 14 na zaidi, betri inapata 12.9. Akaukata ule waya akachuna plastiki, nje ulikuwa mweusi mzuri hauna kasoro, ndani nyuzi zimekuwa unga wa kijani, ukizigusa zinavunjika. Na ndiyo maana stata nayo ilikuwa inagonga tak tak, maanake moto wa stata unarudi kwa waya huohuo. Tukaweka waya mpya mnene, tukakwangua kutu mpaka chuma kikang'aa, tukapaka grisi juu. Upande wa chanya unapimwa vivyo hivyo, kutoka nati kubwa ya altaneta mpaka chanya ya betri.

Mkanda wa altaneta nao ubonyeze kwa kidole gumba kabla hujalaumu altaneta, ukizama zaidi ya sentimita moja hivi ama ukilia asubuhi, ukaze.

"Ikisukumwa ikawaka, zunguka dakika kumi betri itajaa." Haijai, betri iliyoisha inataka masaa, na kwenye jam ya Changamwe injini ikinguruma polepole altaneta inatoa kidogo sana. Ipeleke kwa chaja usiku kucha.

"Ongeza asidi ipate nguvu." Usiongeze, kinachopungua ni maji, weka maji safi ya betri. Na ile ya kwamba ukiiweka kwa sakafu ya simiti inaisha, betri za plastiki za siku hizi hazina shida hiyo.

"Dizeli haihitaji chaji, ikishawaka inaenda tu." Hii ndiyo inayonitia hofu. Kwanza kuna swichi ya umeme inayoruhusu mafuta kwa pampu, betri ikiisha kabisa inafunga na gari linazima barabarani. Pili, kwa hizi Hilux za 2L na 3L, pampu ya vakyumu ya breki, ile inayofanya pedali iwe laini, iko nyuma ya altaneta, zinazungushwa pamoja. Mkanda ukikatika unakanyaga breki mara chache, halafu pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Kwa hivyo taa ya betri ikiwaka ghafla uko na mzigo, usiseme nitafika tu, punguza mwendo taratibu kwa gia, simama pembeni uangalie mkanda. Na ukinunua altaneta ya mtumba hakikisha ina hiyo pampu, na paipu zake za oili hazivuji, maanake oili ikiingia ndani inaharibu brashi na utarudi dukani tena.