Rekodi ya Redio Haikuwa Mwisho wa Wimbo

Jumamosi iliyopita, katika ukumbi mmoja wa Kinondoni, kijana alipanda jukwaani tukiwa mapumzikoni, akaniamkia, kisha akanisogezea simu sikioni ili nisikie rekodi ya zamani ya wimbo ambao tulikuwa tumetoka kuupiga. "Mzee, sikiliza mwenyewe," akasema. "Wimbo ni huu. Nyinyi mmeuharibu." Maneno hayo nimeambiwa mara nyingi mno tangu nianze kupiga gitaa la solo, na wanaoyasema ni watu wanaoupenda muziki wa dansi kwa dhati, kwa hiyo nimeona niyajibu kwa maandishi.

Rekodi ile ilifanyika katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Pugu ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Bendi za wakati ule hazikwenda studio kutafuta wimbo. Wimbo ulikuwa umekwisha kupigwa ukumbini kwa muda, ukarekebishwa kila wachezaji walipokaa chini badala ya kucheza, ndipo ukapelekwa kurekodiwa. Mashairi yalikaguliwa kwanza, kisha bendi ikapiga, na chemko, yaani sehemu ya mwisho yenye kasi ya kuchezea, ambalo ukumbini huendelea kadiri wachezaji wanavyolitaka, likafupishwa ili lienee katika kipindi. Kilichohifadhiwa ni hali ya wimbo siku ile moja. Wiki iliyofuata bendi ilirudi ukumbini na kuendelea kuubadilisha.

Suala la wanamuziki kuhama nitalipita haraka, kwa kuwa kila mpenzi wa dansi analijua. Mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo alitoka bendi ya JUWATA akaingia Mlimani Park mwaka 1978, akaenda Orchestra Safari Sound mwaka 1985, na baadaye akarudi Msondo, yaani bendi ile ile iliyokuwa JUWATA. Sauti ilikuwa ile ile, lakini hakuna anayechanganya Sikinde, mtindo wa Mlimani Park, na Ndekule, mtindo wa Safari Sound, kwa sababu magitaa na wapulizaji waliomzunguka walikuwa wengine. Tukumbuke pia kwamba vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mpiga gitaa alipohama aliacha nyuma gitaa na spika alizozizoea, akaanza upya na vyombo alivyovikuta.

Jambo linaloniumiza ni lingine, nalo halizungumzwi kabisa: ufunguo, yaani noti ambayo wimbo mzima umejengwa juu yake. Mwimbaji aliyeimba wimbo katika G akiwa na miaka 25 hawezi kuufikia akiwa na miaka 60, hivyo bendi hushusha wimbo hadi F. Msikilizaji hudhani kwamba kilichobadilika ni kimo cha sauti tu, na kwa wapulizaji anakaribia kuwa sahihi, kwani wao hubadilisha vidole, wakalainisha kidogo, mambo yakaenda. Kwa gitaa la solo hali ni tofauti kabisa. Uzi wa pili, wa tatu na wa nne, yaani B, G na D, zikipigwa wazi bila kubanwa ni kodi ya G iliyokamilika, yaani noti za G zinazolia pamoja, na solo nyingi za zamani zilitungwa juu ya uhuru huo: kidole kinatembea, huku nyuzi zilizo wazi zikiendelea kulia nyuma yake kama kengele. Ukishuka hadi F, hakuna hata uzi mmoja kati ya hizo tatu ulio ndani ya kodi kuu ya wimbo, na ule wa B haumo hata katika skeli, yaani ngazi ya noti za ufunguo huo, kwa sababu F inadai B iliyoshushwa nusu toni. Lazima ubane kila noti, na kengele zile zinanyamaza. Ndipo watu husema, "Mmeupoza."

Wapo wanaoshauri tulegeze nyuzi zote kwa toni nzima na kupiga kwa vidole vile vile. Tumejaribu. Uzi uliolegezwa hupoteza mkazo, hutetemeka juu ya mkono wa gitaa, na wimbo unaofuata usiposhushwa nao inabidi tukaze upya huku wachezaji wakisubiri. Kwa hiyo nilitunga solo mpya. Haikutokana na uvivu wala kiburi. Ilitokana na koo la mwenzangu, ambalo ninaliheshimu kuliko solo yangu yoyote.

Safari nazo hubadilisha muziki. Bendi inayokwenda mikoani baada ya mavuno, wakulima wakiwa na fedha, hupiga leo katika ukumbi wa zege wenye paa la bati na kesho katika uwanja wa wazi. Ndani ya zege besi huvuma na kumeza maneno ya mwimbaji, hivyo mpiga besi hupunguza noti na kuzikata fupi. Uwanjani sauti hutawanyika, na tumba hulazimika kujaza nafasi. Baada ya wiki kadhaa za namna hiyo, mapigo yaliyozaliwa kwa dharura huwa mazoea, na bendi hurudi Dar es Salaam nayo.

Utunzi hauko mbali na hayo. Mtunzi huja mazoezini na beti na melodia, mara nyingi akiziimba tu. Besi, rithimu, solo na vipande vya wapulizaji hutafutwa na bendi nzima. Redio hutaja jina la mtunzi peke yake, na ndiyo maana watu huamini kwamba wimbo ulizaliwa ukiwa umekamilika kichwani mwa mtu mmoja.

Kuna sehemu moja ambayo kijana yule ananiacha na wasiwasi. Wapulizaji wetu walipopungua tuliweka kinanda mahali pao, nami nilikubali kwa sababu mishahara ilikuwa haitoshi. Kinanda hakivuti pumzi. Hakiachi pengo dogo ambalo saksafoni huliacha kati ya kishazi na kishazi, na solo yangu ilizoea kuingia katika pengo hilo. Bado sijaridhika kwamba tulichagua sawa.

Jumatano mazoezini nitamwomba mpiga solo wa pili apige kipande cha mwanzo juu zaidi kwenye mkono wa gitaa, nami nimjibu kutoka chini, kinanda kikinyamaza hadi beti ya pili. Tukiona hakifai, tutaurudisha wimbo kama ulivyokuwa Jumamosi.