Sarafu ndogo za dhahabu za Uingereza kwa mfuko mdogo: uchaguzi na uhakiki

Mwenye bajeti ndogo anayetaka dhahabu halisi ya Uingereza ana milango michache. Wa kwanza, na kwangu ndio bora, ni nusu-sovereni, yaani nusu ya sovereni, sarafu ya dhahabu ya pauni moja: gramu 3.994, kipenyo milimita 19.30, unene karibu milimita 1, dhahabu ya karati 22. Ndani yake mna gramu 3.66 za dhahabu safi. Wa pili ni vipande vya gini (sarafu ya dhahabu iliyotangulia sovereni) vya enzi ya Mfalme George III na baba wa babu yake George I: theluthi ya gini (1797 hadi 1813, gramu 2.8 hivi, kipenyo milimita 17) na robo ya gini, iliyopigwa mwaka 1718 na 1762 tu, yenye gramu 2.1. Wa tatu ni robo-sovereni ya kisasa iliyoanza 2009, milimita 13.5 na gramu 1.997. Hii ya mwisho ni dhahabu nzuri, ila kwa mkusanyaji haina historia ya kuishika mkononi.

Kabla ya kuzungumzia bandia, tuzungumze hesabu, maana wengi hulanguliwa na sarafu halisi kabisa. Chukua bei ya siku ya gramu moja ya dhahabu safi, zidisha kwa 3.66, hiyo ndiyo thamani ya dhahabu iliyomo katika nusu-sovereni. Kwa sovereni nzima zidisha kwa 7.32. Kinachozidi hapo ni nyongeza ya muuzaji, na kwa kawaida nyongeza hiyo, ukiihesabu kwa gramu, ni kubwa zaidi kwenye nusu kuliko kwenye nzima. Kwa hiyo kama lengo lako ni dhahabu tu, subiri ununue nzima. Nusu inunuliwe na anayependa sarafu yenyewe.

Za kuanzia ziwe za kawaida: Edward VII (1902 hadi 1910) na George V za London (1911 hadi 1915). Zipo nyingi, hali yake mara nyingi ni nzuri, na bei yake hukaa karibu na dhahabu. Kichwa cha uzeeni cha Victoria chenye shela (1893 hadi 1901) nacho hupatikana bila shida. Ngao za Victoria kijana, yaani zenye kichwa chake cha ujanani mbele na ngao nyuma, ni nzuri zaidi machoni, lakini zilizunguka sokoni miaka mingi, hivyo zilizochakaa ni nyingi, na bandia zake pia ni nyingi. Zenye herufi ndogo za viwanda vya sarafu vya ng'ambo, yaani S ya Sydney, M ya Melbourne, P ya Perth na SA ya Pretoria, ziache kwanza. Huko ndiko kwenye miaka adimu, na penye uadimu pana mtu aliyebandika herufi. Kwenye sarafu za Mtakatifu George na joka herufi hiyo hukaa kwenye mstari wa ardhi juu ya mwaka. Kwenye ngao za Victoria kijana hukaa chini ya ngao. Ukiiona mahali pengine, rudisha.

Mwaka kwanza, mizani baadaye

Kipimo cha bei nafuu kuliko vyote ni kujua miaka. Hakigharimu chochote, na kinakamata bandia hata kwenye picha ya simu. Nusu-sovereni ya Elizabeth II yenye mwaka kati ya 1957 na 1968 haikuwahi kupigwa. Sovereni nzima ndiyo iliyorudi 1957, na sababu mojawapo ilikuwa kuwapiku waghushi waliokuwa wameliteka soko. Nusu ilirudi 1980 kama sarafu ya maonyesho (proof, ya wakusanyaji), na ya kawaida ikaja 1982. Kwa hiyo ukiletewa nusu ya Malkia ya 1959 au 1966, mazungumzo yameisha. Kadhalika, London haikupiga nusu za mzunguko kati ya 1916 na 1936. Za miaka ya 1920 zitakazokufikia zitakuwa za Pretoria za 1925 au 1926, na lazima ziwe na SA.

Angalia pia mwelekeo. Shika sarafu kwa vidole viwili juu na chini, kichwa kikiwa kimesimama, kisha izungushe kama mlango. Tangu kichwa cha Jubilei cha 1887 (sura ya Victoria ya miaka 50 ya utawala wake), picha ya nyuma nayo inasimama wima. Kwenye ngao za Victoria kijana inakuwa imepinduka kichwa chini. Ngao ya 1870 ambayo nyuma yake imesimama wima ina maelezo ya kutoa.

Kuna udanganyifu mmoja wa zamani ambao bado unazunguka. Mwaka 1887 kiwanda cha London kilitoa sarafu ya fedha ya peni sita yenye ngao inayofanana mno na ya nusu-sovereni, na watu wakaanza kuzichovya dhahabu. Ikabidi muundo huo uondolewe mwaka huohuo. Nusu-sovereni ya 1821 ya George IV nayo iliondolewa kwa kosa la aina hiyohiyo. Peni sita ina gramu 2.83, kwa hiyo mizani yoyote inaifichua, lakini kwenye picha ya mnada wa mtandaoni inang'aa vizuri sana.

Vifaa

Usianze na asidi. Inachafua sarafu na inapima ngozi ya juu tu. Nunua mizani ndogo ya kupima hadi gramu 0.001 (zile za mzigo wa juu wa gramu 20 au 50 zinatosha), pamoja na kijiwe chake cha kusawazishia. Nunua kalipa ya kidijitali, kifaa cha kupimia kipenyo na unene. Ya plastiki ni salama zaidi kwa sarafu, na ya chuma ifungwe kwa upole bila kuburuta. Nunua lenzi ya sonara ya mara 10 na sumaku kali ya neodimiamu. Sumaku inakataa tu, haithibitishi: ikinasa, sarafu ni bandia, isiponasa, bado haijasema kitu, kwa sababu shaba nyeupe, risasi na tungsteni zenyewe hazinasi. Kwa wanaonunua uso kwa uso sokoni, kile kijimzani cha shaba cha enzi ya Victoria chenye mwanya wa kupitisha sarafu bado kinafanya kazi kwa nzima na kwa nusu, kwani kinapima uzito, kipenyo na unene kwa mkupuo mmoja.

Uzito wa nusu za Edward na George V huwa kati ya 3.97 na 3.99. Ngao iliyozunguka sana inaweza kuteremka hadi chini kidogo ya 3.95, na hilo si kosa. Sarafu huchakaa, haiongezeki. Inayozidi 4.01 nisingeichukua hata kwa bei ya dhahabu. Nakala za mapambo, zinazouzwa kwa wingi katika masoko ya dhahabu ya Ghuba na kuvaliwa kwenye mikufu, mara nyingi ni za karati 18 au chini. Zikiwa na vipimo sahihi vya kipenyo na unene, ya karati 18 itapima kama gramu 3.5. Ya shaba itapima gramu 2 tu. Anayetaka kufikisha 3.99 kwa karati 18 analazimika kuongeza unene hadi karibu milimita 1.13, na kalipa inaliona hilo.

Tahadhari moja kuhusu vipimo vya vitabuni: nusu-sovereni ya 1834 ya William IV ilitoka ndogo, milimita 17.9, kisha ikarudishwa kwenye ukubwa wa kawaida. Uzito wake ni uleule, kwa hiyo ni nene. Usiikatae kwa pupa.

Kipimo cha maji, na kwa nini sarafu ndogo inakisumbua

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na ndicho kinachofanywa vibaya kuliko vyote. Dhahabu ya karati 22 iliyochanganywa na shaba ina densiti ya karibu 17.5, yaani kila sentimita moja ya ujazo ina gramu 17.5. Kwa nusu-sovereni ujazo ni sentimita 0.228 tu. Sasa fikiria mizani ya jikoni ya kusoma 0.01: itakuonyesha 0.22 au 0.23, na hizo zinatoa densiti ya 18.2 au 17.4. Tofauti hiyo ni pana mno. Kwenye robo ya gini, ambayo ujazo wake ni 0.12, mizani hiyo haina msaada wowote. Ndiyo maana nasisitiza tarakimu tatu.

Pima sarafu ikiwa kavu, andika. Weka kikombe chepesi cha plastiki chenye maji ya joto la chumbani juu ya mizani, hakikisha jumla haivuki mzigo wa juu, kisha rudisha mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba wa nailoni wa kuvulia. Uzi wa pamba unanyonya maji na kuharibu hesabu. Izamishe yote, ining'inie bila kugusa chini wala kuta. Usomaji unaotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa, ambao kwa gramu ni sawa na ujazo wake kwa sentimita. Gawanya uzito mkavu kwa usomaji huo.

Mfano: 3.985 kwa 0.228 ni 17.48, safi. 3.985 kwa 0.260 ni 15.3, hiyo ni karati 18. 3.985 kwa 0.207 ni 19.3, na hapo kuna tungsteni ndani. Karati 22 inatusaidia hapa: tungsteni inalingana na dhahabu safi kwa densiti, hailingani na ya karati 22, hivyo mghushi wa sovereni hana njia ya mkato aliyonayo mghushi wa vipande vya dhahabu safi.

Kinachoharibu matokeo ni viputo vya hewa. Kiputo kilichonasa kwenye herufi kinaongeza ujazo na kuishusha densiti, na sarafu halisi inaonekana mbovu. Tone moja la sabuni ya vyombo ndani ya maji na kuitikisa sarafu kidogo vinatosha. Rudia mara tatu. Usomaji ukiyumba zaidi ya 0.002, tatizo liko kwenye mkono au upepo wa feni, si kwenye sarafu. Matokeo kati ya 17.3 na 17.8 nayakubali. Sarafu za mwanzo za Sydney na nyingi za gini zina fedha ndani ya mchanganyiko, zinaonekana njano zaidi, na densiti yake inaweza kupanda kidogo.

Mashine ya eksirei ya sonara inatoa jibu zuri la mchanganyiko (91.7 dhahabu, 8.3 shaba), lakini inasoma ngozi ya juu tu, na tabaka nene la dhahabu linaidanganya. Itumie pamoja na maji, isiwe badala yake. Mlio wa kugonga, kwa sarafu za ukubwa huu, siutegemei kabisa.

Bandia yenye dhahabu kamili

Hapa ndipo mizani inaishia. Katikati ya karne ya 20 zilipigwa sovereni nyingi bandia zenye dhahabu ya kutosha, kwa sababu soko lililipa zaidi ya thamani ya madini. Zinapita uzito, zinapita maji. Lenzi ndiyo inayobaki. Tafuta vinundu vidogo kwenye uwanja wa sarafu, yaani sehemu tupu isiyo na picha wala herufi: sarafu halisi inapata mashimo ya kugongwa, bandia iliyonakiliwa hubeba vinundu vilivyoinuka. Kinundu kilekile mahali palepale kwenye sarafu mbili za miaka tofauti ni ushahidi mtupu. Angalia meno madogo ya mpaka na mistari ya ukingoni: iwe na nafasi sawa pande zote, bila mshono. Herufi ziwe na kona kali. Zilizovimba kama sabuni iliyoloa zimetoka kwenye kalibu. Linganisha na picha kubwa za sarafu ya mwaka huohuo, tarakimu kwa tarakimu.

Upo upekee mmoja: katika miaka ya 1860 na 1870 platinamu ilikuwa rahisi kuliko dhahabu, na waghushi wakaitumia wakiipaka dhahabu. Ukikuta ngao yenye weupe wa kijivu kwenye kingo zilizochakaa, usiitupe. Itenge na uitambue kwa jina lake, maana ina wakusanyaji wake.

Kwa theluthi na robo za gini, hofu kubwa si bandia bali sarafu iliyowahi kutobolewa au kulehemiwa ili ivaliwe kama pambo. Geuza ukingo taratibu chini ya taa, hasa saa sita juu ya kichwa: lehemu huacha doa lisilo na mistari. Tundu lililozibwa huonekana kama duara hafifu linalokata herufi. Sarafu ya namna hiyo si dhambi, kwa bajeti ndogo ndiyo njia halali ya kumiliki ya 1762, mradi ilipiwe kama iliyoharibika na iandikwe hivyo kwenye risiti.

Kwa walio Uingereza: sarafu za dhahabu zilizopigwa baada ya 1800, zenye usafi wa angalau 900 kati ya 1000 na zisizouzwa kwa kawaida zaidi ya asilimia 180 ya dhahabu yake, hazitozwi kodi ya ongezeko la thamani, nusu-sovereni tangu 1837 pia hazina kodi ya faida ya mtaji. Robo za gini haziko kwenye kundi hilo. Kupeleka nusu ya kawaida kwa PCGS au NGC, kampuni za kuhakiki na kupanga daraja la sarafu, ikafungwe kwenye plastiki hakulipi, na ukinunua iliyofungwa tayari, hakiki namba na picha yake kwenye tovuti ya kampuni, kwani hata vifungashio vinaghushiwa.

Usisugue. Mafuta na utelezi wa plastiki ya zamani vinatoka kwa asetoni safi, si kiondoa rangi ya kucha chenye mafuta ndani. Na ikishindwa vipimo, irudishe mapema ukiambatisha namba zako zote tatu: uzito, unene, usomaji wa maji. Muuzaji asipoipokea na dhahabu imo, ipeleke kwa sonara kama chakavu, ukimwambia wazi ni bandia. Kuipitisha kama halisi ni kosa chini ya sheria ya Uingereza ya 1981.