Meya wa jiji hatangazi hali ya hatari, jamani

Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo Dar es Salaam, Mto Msimbazi ukafura na barabara ya Jangwani ikafungwa, lazima mtu aandike: "Meya yuko wapi? Si atangaze hali ya hatari!" Kikizuka kipindupindu, wimbo ni uleule. Likiungua soko, hivyo hivyo. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika mara moja hapa. Atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Meya hana mamlaka hayo. Si kwamba anayo na anaogopa kuyatumia. Hana.

Tuanze na cheo chenyewe. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura 288, Meya ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake awaongozee vikao. Watumishi, magari na akaunti za benki viko chini ya Mkurugenzi wa Jiji, mteule wa Rais, ambaye ndiye afisa masuuli, yaani anayewajibika kisheria kwa matumizi ya fedha. Joho na mkufu ni vya Meya. Hati ya malipo ni ya Mkurugenzi. Anayewachanganya hawa wawili atachanganya kila kitu kinachofuata.

Nadhani kosa hili tumelibeba kwenye habari za Marekani. Kule New York Meya ndiye mtendaji mkuu wa jiji, na sheria ya jimbo inamruhusu kutangaza dharura. Lakini hata yeye kafungwa kamba fupi: tangazo lina siku 30, kila amri anayoitoa chini yake hufa baada ya siku 5 asipoihuisha, na anachoweza kusimamisha ni sheria za jiji lake, si za jimbo. Mnamwonea wivu mtu anayesaini karatasi zilezile kila baada ya siku tano.

Sasa kinachonikera zaidi. Watu wanatumia "hali ya hatari", "maafa" na "dharura" kama maneno ya maana moja. Kwenye sheria zetu hayo ni mambo matatu, yenye wenyewe watatu.

Hali ya hatari ni Ibara ya 32 ya Katiba. Anayetangaza ni Rais, kwa nchi nzima au sehemu yake. Spika anapelekewa nakala, Bunge linaitishwa ndani ya siku 14, na azimio la kuunga mkono linahitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Zikipita siku 14 bila azimio, tangazo linakufa. Likipata azimio, linaishi miezi sita, na kuliongeza kunahitaji theluthi mbili tena. Mjuaji mmoja hatakosa kunichomolea ibara ndogo ya 4, ile inayoruhusu Bunge kutunga sheria ili wasimamizi wa Serikali katika maeneo fulani waweze kumwomba Rais atumie mamlaka hayo kwenye maeneo yao. Kumwomba. Anayeomba hajatangaza chochote, na Meya si msimamizi wa shughuli za Serikali Kuu popote pale.

Maafa yana Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022, yenye mlolongo wa kamati kuanzia ngazi za chini hadi taifa. Wilayani usukani ni wa Mkuu wa Wilaya, yuleyule anayeongoza Kamati ya Ulinzi na Usalama. Hapa nakiri sheria haijanikaa vizuri. Mkuu wa Wilaya anaagiza, lakini dizeli ya greda na mahema mara nyingi hutafutwa kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, yaani bajeti iliyopitishwa na madiwani ambao yeye hawajibiki kwao. Nani anajibu hesabu zikikosewa? Mkurugenzi, mara zote. Kama huo ni mpangilio mzuri au ni mtego, mimi naegemea kwenye mtego.

Halafu dharura, na hasa ununuzi wa dharura. Neno hili ndilo linalotumiwa vibaya kuliko yote. Sheria ya ununuzi wa umma inaruhusu njia ya mkato pale maisha, afya au usalama wa watu unapotishiwa na jambo lisilotabirika, na anayebeba uamuzi huo ni afisa masuuli, kwa maandishi, akieleza sababu. Mfereji ulioziba tangu Juni, ukafurika kwenye masika ya Machi, si jambo lisilotabirika. Huo ni uzembe uliolowa maji. Mkaguzi atauliza: tatizo lilijulikana lini, na kwa nini mzabuni ni huyo huyo? Meya akisimama jukwaani na kusema "nunueni leo hii", tamko hilo halimkingi Mkurugenzi hata kidogo. Na tafadhali msiniambie "chukueni ile asilimia 10" ya mapato ya ndani ya halmashauri. Kifungu cha 37A cha Sura 290 kimeigawa: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, kwa mikopo. Mafuriko hayamo.

Mengine nayapitia haraka. Magari ya zimamoto hayako chini ya Meya. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji liko Wizara ya Mambo ya Ndani. Barabara nyingi za mitaa ziko TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) tangu 2017, kwa hiyo daraja likikatika Meya anapiga simu kama wewe. Polisi wana IGP wao; amri ya kutotoka nje Dar es Salaam ya tarehe 29 Oktoba 2025 ilitangazwa na Mkuu wa Jeshi la Polisi, si na Karimjee, ukumbi wanakokaa madiwani. Hata yale mamlaka maarufu ya kumweka mtu ndani saa 48 ni ya Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya, tena yana masharti: kuwe na sababu za msingi, ziandikwe, na mtu afikishwe kwa hakimu ndani ya muda huo. Wengi wanasahau masharti na kukumbuka saa tu.

"Basi atunge sheria ndogo!" Sawa. Rasimu iandikwe, wananchi wajulishwe watoe maoni, madiwani wapitishe, Waziri mwenye dhamana aridhie, itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Maji yatakuwa yameshafika Bahari ya Hindi na kurudi kama mvua.

Meya anachoweza ni hiki: kuitisha mkutano maalum wa Baraza, kuibana menejimenti ndani ya Kamati ya Fedha ili fedha zihamishwe kwa utaratibu, na kumdai Mkurugenzi taarifa ya maandishi. Si kidogo, kwa anayejua kuuliza maswali. Ila mkutano maalum hujadili lile tu ulioitiwa, kwa hiyo ajenda iandikwe kwa usahihi: "hali ya mifereji kata fulani na fulani, na chanzo cha fedha", si "mengineyo". Na wito wa mkutano huo, kabla hamjaniuliza, unasainiwa na katibu wa Baraza, ambaye ni Mkurugenzi.