Nishani ikivuliwa, tazama tarehe mbili

Kila mtu mashuhuri anapovuliwa nishani, wanafunzi wangu wa historia ya siasa huuliza: kafanya nini? Mimi huwauliza: aliyempa alijua nini siku ile anampa?

Mchukue Robert Mugabe, aliyekuwa rais wa Zimbabwe. Uingereza ilimtunuku nishani ya juu ya Bath mwaka 1994, alipokwenda huko kwa ziara ya kitaifa. Ikamvua Juni 2008, siku mbili kabla ya duru ya pili ya uchaguzi wa rais, wakati mpinzani wake Morgan Tsvangirai amekwishajitoa kwa sababu wafuasi wake walikuwa wakipigwa na kuuawa. Ilitajwa kwamba amekiuka haki za binadamu na kudharau demokrasia. Ni kweli, na alistahili kuvuliwa. Lakini Gukurahundi je? Kati ya 1983 na 1987 Brigedi ya Tano ya jeshi lake iliua maelfu ya watu katika mikoa ya Matabeleland na Midlands; mauaji hayo ndiyo huitwa Gukurahundi. Anavalishwa nishani 1994, habari hizo si ngeni London. Hapo ndipo roho huniuma: damu ya 2008 ilihesabiwa, ya Matabeleland haikuhesabiwa.

Nicolae Ceaușescu, mtawala wa Romania, naye alipewa nishani hiyo 1978. Alivuliwa tarehe 24 Desemba 1989, akiwa ameshapinduliwa na yuko kizuizini. Kesho yake akapigwa risasi.

Tangazo la kumvua mtu nishani kwa kawaida ni la mistari michache tu katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali: uteuzi umebatilishwa, jina lifutwe katika daftari la nishani. Aliyependekeza jina hilo hatajwi.

Ipo kamati ya kushughulikia mambo haya, na kwa kawaida hutazama kama mtu amefungwa zaidi ya miezi mitatu au amefutwa na bodi ya taaluma yake. Fred Goodwin, aliyekuwa mkuu wa benki ya RBS, hakuwa na hukumu yoyote alipovuliwa cheo cha Sir 2012. Benki yake ilikuwa imeokolewa kwa pauni bilioni 45 za walipa kodi, na wananchi walikuwa na hasira. Nadhani hasira hiyo ilikuwa ya haki, ila ilimwangukia mtu mmoja, na waliotakiwa kuzisimamia benki wakapumua.

Anayenikaa moyoni zaidi ni Roger Casement. Mwaka 1903, akiwa konseli wa Uingereza, alipanda mto Kongo akiandika maneno ya watu waliokatwa mikono katika utawala wa kuvuna mpira wa miti wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Ripoti yake ilitoka 1904, na 1911 akapewa cheo cha Sir. Mwaka 1916, baada ya kutafuta silaha za Ujerumani kwa ajili ya uhuru wa Ireland, alihukumiwa kwa uhaini, akavuliwa cheo, akanyongwa Agosti 3. Leopold alikuwa amepewa Garter, mojawapo ya nishani kubwa kabisa za Uingereza, tangu 1866. Alikufa 1909 akiwa nayo.